Sarufi ya Batli: Uundaji wa Ujumbe wa Kumbukumbu katika Vifaa vya Nyumbani vya Maikrokontrola

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna ujumbe wa kumbukumbu unavyopaswa kuundwa kwa Kiswahili katika vifaa vya nyumbani vinavyoendeshwa na maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya chipu moja. Aghalabu kifaa cha aina hiyo hakina kioo wala mtu wa kukisimamia. Kikikosea usiku, shahidi wa yaliyotokea ni mistari ambayo mtunzi wa programu alikiagiza kiandike. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mistari hiyo ni sentensi, na kwamba sentensi ya Kiswahili hulazimika kudhihirisha mambo ambayo ya Kiingereza huweza kuyanyamazia, hasa ngeli ya kitu kinachozungumziwa na uhusiano wake na mtenda. Anayetafsiri neno kwa neno huishia na ujumbe wenye makosa ya kisarufi na, baya zaidi, ujumbe usio wa kweli.

Mfano utakaotumika ni wa kifaa cha kudhaniwa katika nyumba iliyoko Mwanga, mjini Kigoma. Maji ya bomba hupokelewa katika tangi la chini; pampu huyapandisha hadi tangi la plastiki lililo juu ya mnara, ambalo wengi huliita simtanki. Maikrokontrola ya ESP32, iliyotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Espressif ya Shanghai, husoma hali ya boya lililomo ndani ya simtanki na, kwa kupitia rilei, huiwasha na kuizima pampu.

2.0 Istilahi

Neno la Kiingereza log lilianza kama gogo. Mabaharia walikitupa kipande cha ubao majini ili kupima mwendo wa chombo, wakaandika vipimo daftarini, na hatimaye daftari likarithi jina la ubao. Kiswahili nacho kina neno la baharini kwa daftari la nahodha, nalo ni batli. Wengi leo hutumia kumbukumbu, lakini neno hilo limekwisha kupewa sehemu ya kompyuta inayohifadhi data. Fundi akiambiwa "kumbukumbu imejaa" hana njia ya kujua ni ipi iliyojaa. Katika makala haya, batli ni jumla ya mistari, na ujumbe ni mstari mmoja.

Maktaba ya programu ya ESP32 huutanguliza kila ujumbe kwa herufi moja inayoonyesha uzito wake: E, W, I, D na V. Kwa Kiswahili ngazi hizo zingeweza kuitwa hitilafu, onyo, taarifa, uchunguzi na undani, ila mbili za mwisho zinagongana katika herufi U. Badala ya undani, kina ni afadhali. Hivyo hupatikana H, O, T, U na K.

3.0 Kauli ya Kitenzi na Ukweli wa Ujumbe

Zilinganishwe sentensi tatu zifuatazo, ambazo kila moja ingeweza kuandikwa na kifaa cha Mwanga pale boya linaposhuka:

(1) Pampu imewaka.
(2) Pampu imewashwa.
(3) Amri ya kuwasha pampu imetolewa.

Sentensi ya (1) inadai hali ya pampu yenyewe. Kifaa hakijaiona pampu; kilichofanya ni kupandisha volti katika mguu mmoja wa chipu. Huenda vigusio vya rilei vimeungua, au umeme wa TANESCO umekatika huku kifaa chenyewe kikiendelea kuishi kwa betri. Sentensi ya (2) iko katika kauli ya kutendwa, nayo inadokeza mtenda bila kumtaja, na mtu aliyebonyeza swichi ya ukutani pia ni mtenda. Sentensi ya (3) ndiyo inayosema kile tu ambacho kifaa kinakijua. Ili kupata haki ya kuandika (1), kifaa sharti kiongezewe kihisio cha mkondo wa umeme, na kipimo kiandamane na dai: "Pampu imewaka, ampea 3.1".

Tofauti hii ina gharama. Fundi anayesoma "Pampu imewaka" ilhali simtanki ni kavu hutafuta kosa kwenye pampu na mabomba. Ataifungua pampu, pengine atamshauri mwenye nyumba anunue nyingine, kumbe kilichokufa ni rilei. Batli imemdanganya, na imemdanganya kwa kitenzi.

Kauli ya kutendeka nayo ina mahali pake. "Umeme umekatika" ni ujumbe sahihi, kwa sababu kifaa hakijui aliyeukata wala hakidai kuwa yupo. "Pampu imezimika" hufaa pale ambapo mkondo umetoweka bila amri yoyote, na hapo ngazi yake ni onyo; "Pampu imezimwa na kifaa, tangi limejaa" ni taarifa ya kawaida. Mazungumzo ya kila siku yana "imezima" pia, yenye maana ya kuzimika. Katika batli umbo hilo liepukwe, kwani kitenzi zima ni elekezi na humwacha msomaji akiuliza ni nini kilichozimwa.

Kuhusu njeo, wapo wanaoweza kudai kwamba, kwa kuwa batli husomwa baadaye, -li- ingefaa kuliko -me-. Dai hilo halina nguvu. Ujumbe huandikwa papo hapo, na hali timilifu huieleza hali ilivyo wakati wa kuandika. Mahali pa -li- ni baada ya kifaa kuwaka upya. ESP32 inaweza kutambua sababu ya kuanza kwake, kwa mfano kupewa umeme, kushuka kwa volti, au kushtuliwa na kipima muda kinacholinda programu isikwame. Hapo kifaa kinasimulia yaliyopita, nacho kiandike: "Kifaa kilizimika, volti zilishuka."

4.0 Upatanisho wa Kisarufi

Watunzi wa programu katika lugha ya C hupenda kuandika kiunzi kimoja chenye nafasi wazi, %s, inayojazwa jina la kitu. Kiunzi cha Kiingereza hustahimili jina lolote. Cha Kiswahili hakistahimili: "%s imefungwa" hukubali pampu na taa, lakini huzaa "*mlango imefungwa" na "*kihisio imefungwa". Idadi nayo hudai haki yake: sekunde 1 imepita, sekunde 5 zimepita.

Suluhisho la kuhifadhi kiambishi cha upatanisho pamoja na kila jina linawezekana, ila ni la kuchosha. Lililo rahisi ni kuliweka jina chini ya neno kuu lisilobadilika: "Kifaa %s kimefungwa" hubaki sahihi kwa mlango, pampu na kihisio, kwa maana kitenzi kinapatana na kifaa.

5.0 Wakati

Ujiji, kilomita chache kusini mwa Mwanga, ina mfano mashuhuri wa batli mbili zisizopatana. Stanley aliandika kwamba alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Shajara ya Livingstone huliweka tukio hilo katika wiki ya mwisho ya Oktoba. Kila mmoja alihesabu siku zake mwenyewe.

ESP32 isiyo na intaneti iko katika hali hiyohiyo. Kwa kawaida huandika milisekunde tangu ilipowaka, na kila umeme ukikatika hesabu hurudi sifuri. Hata usipokatika, hesabu ya biti 32 hujaa na kuanza upya baada ya siku 49.7. Kwa hiyo saa yenye betri yake ni bora iwepo. Nayo ishike saa sanifu ya dunia, UTC, kwani Ziwa Tanganyika limegawanywa: Kigoma iko saa tatu mbele ya UTC, lakini Burundi, Kalemie, Uvira na Mpulungu ziko mbili. Msomaji anapooneshwa saa ya Kiswahili, kipindi cha siku kisiachwe. 08:15 ni saa 2:15 asubuhi, na 20:15 ni saa 2:15 usiku.

6.0 Kiasi

Kiswahili hakihitaji alama juu ya herufi, hivyo kila herufi huchukua baiti moja. Kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, ujumbe wa herufi 60 hupita katika waya kwa milisekunde 5 hivi. Kinachochakaa ni chipu ya hifadhi: kwa kawaida sekta yake moja huvumilia kufutwa mara 100,000 hivi. Programu inayofuta na kuandika sekta ileile kila sekunde hufika hapo kabla ya saa 28. Taarifa za kawaida na zibaki katika kumbukumbu ya muda, mpya zikifuta za zamani, na hitilafu pekee ziandikwe katika hifadhi ya kudumu. Nenosiri la Waifai lisiandikwe katika ngazi yoyote, hata ya kina, kwa kuwa yeyote mwenye waya wa USB aweza kuisoma batli nzima.