Binti, Kwa Nini Wataka Chuo cha Wakunga?

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatokapo, nyumba nyingi za hapa Masafu huingiwa na shughuli ya barua. Binti aliyefaulu hutafuta nafasi ya chuo, baba hutafuta karo, na jirani yeyote aliyewahi kushika chaki, kama mimi, huitwa asahihishe Kiingereza. Karibu barua zote nilizozisoma husema kwamba mwombaji amependa kuwasaidia wagonjwa tangu utoto wake. Sina shaka kuwa ni kweli. Lakini maneno hayo yangeweza kuandikwa vilevile na mtu aombaye kuwa daktari wa meno, askari wa zimamoto au padri.

Mpwa wangu alinijia na barua ya namna hiyo, akiomba Chuo cha Uuguzi na Ukunga cha Jinja. Nilimwuliza mkunga hufanya nini. Akajibu, "Huzalisha, shangazi." Basi tukaanza hapo.

Kuzalisha ni sehemu tu ya kazi. Mkunga hupima shinikizo la damu la mama miezi mingi kabla ya siku yenyewe, hupapasa tumbo ajue mtoto amelala vipi, na uchungu uanzapo hujaza chati inayoonyesha saa kwa saa jinsi njia inavyofunguka na moyo wa mtoto unavyopiga. Chati hiyo ndiyo humwambia mapema kwamba mama huyu apelekwe kwa daktari. Mtoto akishatoka, hatari haijaisha: kizazi kisipojikaza, damu yaweza kummaliza mama kwa muda mfupi sana. Iko sindano ya kukikaza, lakini dawa yake hutaka kuhifadhiwa mahali pa baridi, na anayeichoma hana budi kujua wakati wake. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa akina mama 336 hufariki kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini Uganda. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 189. Hesabu imeshuka, lakini hao 189 wana majina na watoto.

Swali la pili ni chuo chenyewe. Kwa nini Jinja, hali ng'ambo ya mpaka, katika Busia ya Kenya, kipo chuo cha utabibu kilicho karibu zaidi? Binti hakuwa amelifikiria. Kila nchi ina baraza lake la kuwasajili wauguzi na wakunga, na yeye anataka kufanya kazi upande huu. Ni rahisi zaidi kusomea mahali ambapo baraza la kwetu linapatambua moja kwa moja. Tena mjini Jinja iko hospitali kubwa ya rufaa, ambamo mwanafunzi huona uzazi mgumu usioonekana katika zahanati ndogo.

Jambo la lugha nalo lina uzito. Wasamia tupo pande zote mbili za mpaka, na mama aliyeshikwa na uchungu hatafsiri maumivu yake. Hilo si geni: Katharine Cook, aliyeanzisha chuo cha wakunga Mengo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alishirikiana na mumewe, Dakta Albert Cook, kuandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda ili wanafunzi wao wakielewe. Binti wa Masafu anayesema Kisamia na Kiswahili ana kitu cha kukitaja katika barua yake bila haya.

Baba yake, kaka yangu, alitaka asome ualimu, akisema ndiyo njia fupi niliyoipita mimi. Nilimweleza kwamba Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 imeweka shahada kuwa kiwango cha chini cha mwalimu. Ufupi wa njia ile umekwisha. Hakupendezwa.

Barua ya pili binti aliiandika peke yake, usiku. Alieleza kwamba jirani yetu alijifungulia kando ya njia, pikipiki ikiwa imekwama katika tope, naye akashika tochi wakati bibi mmoja akikata kitovu. Damu haikukoma, na kati ya watu wazima wote waliosimama pale hapakuwa na aliyejua afanyeje, hata walipofika hospitalini. Mama yule alipona. Binti akamaliza hivi: "Nataka kujua mikono yangu ingefanya nini."

Sikusahihisha neno hapo, ingawa koma moja ilikosekana. Nilimsomea kaka yangu barua hiyo kwa Kisamia. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza karo ya muhula wa kwanza ni kiasi gani, na kama chuo hupokea malipo kwa mafungu.