Msiba Usiopewa Pole

Wanachuo wenzangu wa ualimu, baadhi yetu tutapangiwa sekondari za pwani ya kusini: Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko, Lindi mjini. Huko tutafundisha wanafunzi waliofiwa. Kuna mmoja ambaye hatuzoei kumzungumzia: mvulana aliyefiwa, ambaye moyo wake unawapenda wavulana wenzake.

Tuanze na msiba. Pwani tunajua kuomboleza. Mikeka inatandikwa, watu wanalala matangani, khitma inasomwa, halafu inakuja arobaini. Kila mtu anapewa pole kwa jinsi alivyohusiana na marehemu, na pole hiyo ndiyo ruhusa ya kulia. Sasa, kama aliyekufa ni yule uliyempenda kwa siri, nani atakupa pole? Mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, alilieleza jambo hili mwaka 1989: kuna huzuni ambayo jamii haiitambui, na mfiwa anaibeba peke yake.

Hata kijana huyu akifiwa na mama, akapewa pole zote, bado kuna neno ambalo hakuwahi kumwambia. Mwandishi Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, Kenya, alifiwa na mama yake mwaka 2000, mwenyewe akiwa Afrika Kusini. Januari 2014 alichapisha insha ambamo anajiwazia yuko kando ya kitanda cha mama, anamwambia kwamba yeye ni shoga. Aliandika kwamba alijijua tangu ana miaka mitano. Yaani neno hilo lilimkaa kooni zaidi ya miaka 13 baada ya mama kufa. Lakini mwaka 2018, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, alitangaza kwamba ana mchumba na watafunga ndoa.

Je, mtu aliyefiwa anaweza kupenda? Anaweza. Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa haendi njia moja iliyonyooka. Anapwa na kujaa kama bahari: leo analia, kesho anashughulika na maisha, keshokutwa analia tena. Kwa hiyo kijana anayependa kwa mara ya kwanza miezi michache baada ya maziko hajamsahau marehemu. Shida ni kwamba huyu wetu anajihukumu mara mbili: kwa kucheka mapema, na kwa yule anayemfanya acheke.

Sheria tunaijua. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha miaka isiyopungua 30 hadi maisha. Lakini kinachoadhibiwa ni tendo. Mwalimu hakatazwi kumsikiliza mtoto anayelia.

Basi tufanye nini? Usimwambie "jikaze, wewe mwanaume". Muulize habari za marehemu, umwache aongee. Akikudokeza siri yake, usimlazimishe aimalize, wala usiipeleke ofisi ya walimu. Ikifika huko jioni itakuwa imefika nyumbani, na anaweza kufukuzwa. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake: mfikishe kwa mnasihi au hospitali, ueleze hatari iliyopo bila kumtaja anayempenda. Na siku ukimwona anacheka tena, usimuulize kwa sababu gani.