Saratani ni Mdudu Gani?

Tulipotembelea shule moja kuzungumzia saratani, msichana wa kidato cha pili alinyoosha mkono: "Eti, saratani ni mdudu gani anayekula mwili?" Wenzake wakacheka. Wewe usicheke. Swali lake ni zuri, na anayetusaidia kulijibu ni mdudu kweli, yaani mnyoo.

Siyo wale wa tumboni unaowafukuza kwa vidonge. Huyu anaitwa Caenorhabditis elegans. Ana urefu wa milimita 1 tu, anakula bakteria kwenye matunda yaliyooza, wala hamdhuru mtu. Mwili wake unapitisha mwanga, hivyo kwa hadubini unaona seli zikigawanyika ndani ya yai. Ndiyo maana Sydney Brenner alimchagua huko Cambridge, Uingereza, miaka ya 1960. Mwenzake, John Sulston, alifuatilia kila seli tangu yai hadi mnyoo anapoanguliwa akiwa na seli 558. Hebu fikiria uvumilivu huo! Mwaka 2002 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Robert Horvitz.

Sasa angalia yai likisharutubishwa. Linagawanyika kuwa seli mbili, ya mbele kubwa, ya nyuma ndogo. Kubwa inagawanyika tena ikimtangulia mwenzake kwa dakika 2 hivi, kwa sababu imepewa protini nyingi zaidi za kusukuma kazi hiyo. Seli nyingi za mwili wako hutulia kwanza, zikakua, ndipo zigawanyike. Hizi hazina mapumziko: zinanakili jeni, zinagawanyika, zinanakili tena, kila baada ya robo saa hivi.

Nani anaziamuru? Mama. Kabla yai halijarutubishwa, mama alishalijaza protini na nakala za maagizo ya jeni zake, kama mzazi anavyokujazia tranka unapokwenda bweni. Hata wewe ulianza hivyo hivyo, ukitumia akiba ya mama hadi ulipokuwa na seli 4 mpaka 8.

Lakini akiba huisha. Mnyoo akifikia seli 4, baadhi ya seli zinaanza kusoma jeni zake mwenyewe. Watafiti wakizuia jeni hizo zisisomwe, seli zinaendelea kugawanyika kwa mazoea hadi zinafika kama 100, halafu kila kitu kinakwama. Kilichonishangaza zaidi ni seli za utumbo. Kwa kawaida hutulia kidogo ili ziingie ndani ya kiinitete. Bila jeni hizo hazitulii, zinagawanyika mapema na kubaki nje.

Kumbe kusimama nako kunahitaji maagizo! Jeni moja, cki-1, ni breki hasa. Ikikosekana, mnyoo anakuwa na seli za ziada. Nasi tunazo jeni za aina hiyo.

Basi jibu la yule dada ni hili: saratani si mdudu. Ni seli zako mwenyewe ambazo breki zake zimeharibika. Huwezi kuipata kwa kula sahani moja na mgonjwa. Hata hivyo kuna virusi vinavyoharibu breki hizo, kama HPV inayoleta saratani ya mlango wa kizazi, na chanjo yake ipo.

Akauliza tena: je, kila uvimbe ni saratani? Hapana, mwingi siyo. Lakini usiopungua, au unaozidi kukua, usiufiche. Nenda ukaonyeshe kituo cha afya.