Sakafu ya Uani na Msingi Wake

Maneno yangu ya leo ni habari ya kazi ambayo mtu aweza kuifanya nyumbani kwake kwa mikono yake mwenyewe, nayo ni kutandika matofali ya kuchoma uani, ili pawe mahali pakavu pa kutwangia, kuanikia, kuoshea vyombo, na kupumzikia jioni. Nitawaeleza kwanza jinsi nilivyoiharibu kazi hii, kisha jinsi inavyopasa kufanywa.

Kwetu ni milima ya Usambara. Udongo wetu ni mwekundu, na wakati wa masika huteleza kama sabuni. Kati ya nyumba ya mama yangu na jiko lake palikuwa na ua mdogo, na kila mwaka ua huo uligeuka tope. Nilipokuwa kijana, mwalimu mpya mwenye kujiona kuwa ajua mambo, nilirudi nyumbani siku za likizo nikasema, “Mama, mwaka huu hutakanyaga tope tena.” Nikanunua matofali, nikakwangua majani kwa jembe, nikakanyagakanyaga udongo kwa miguu, nikayapanga matofali juu yake. Kazi ilikwisha kwa siku tatu. Majirani walikuja kutazama, wakanisifu, nami nikazipokea sifa zile.

Masika yakaja. Mwezi haukwisha kabla matofali mengine hayajadidimia na mengine kuinuka pembe moja. Karibu na mlango wa jiko pakawa na dimbwi. Asubuhi moja mama yangu alitoka jikoni na chungu cha maji ya moto, akakanyaga tofali lililoinama, akaanguka. Kwa rehema za Mungu maji hayakumwunguza, lakini kifundo cha mkono wake wa kuume kilivunjika, na mfupa haukuunga sawasawa. Tangu siku ile humimina chai kwa mkono wa kushoto.

Nilimwita mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kuashi. Hakusema neno. Aliinua tofali moja, akachomeka kidole chake katika udongo uliokuwa chini yake, nacho kikazama mpaka kiungo cha pili. Ndipo aliponiambia, “Mwalimu, umefunga kidonda bila kukiosha.” Maana yake nilimaliza juu kabla ya kutengeneza chini. Hayo ndiyo yote niliyo nayo ya kuwafundisha leo: sakafu ni ule msingi usioonekana, na matofali ni kifuniko chake tu. Basi sikilizeni jinsi tulivyoanza upya.

Jambo la kwanza ni kuchagua mahali na kupapima. Sisi tulipima futi 12 kwa urefu, sambamba na ukuta wa nyumba, na futi 9 kwa upana kutoka ukutani. Tulipigilia vigingi vinne na kufunga kamba. Ili pembe ziwe za mraba kweli kweli, tulitumia hesabu ambayo kila mwanafunzi aijua: tangu pembeni pima futi 9 upande mmoja na futi 12 upande wa pili, ikiwa kutoka ncha hii hadi ncha ile ni futi 15 kamili, pembe yako ni ya mraba. Ikiwa ni zaidi au pungufu, sogeza kigingi. Tazama pia kwamba sakafu ya uani itakapokwisha itakuwa chini ya sakafu ya nyumba, na ikiwezekana kwa inchi 6, ili mvua isirudi ndani.

Jambo la pili ni kuchimba. Hesabu unene wa kila kitu kitakachoingia. Kokoto ndogo au changarawe inchi 4, mchanga inchi 1, tofali inchi 3. Jumla inchi 8. Sisi tulichimba inchi 7, ili uso wa sakafu upande juu ya ardhi kwa inchi 1, matope ya pembeni yasije juu yake. Ondoa mizizi yote na takataka zote, kwa kuwa vitu hivyo vikioza huacha uvungu, na tena huwaita mchwa. Kama kwenu ni udongo mweusi wa mbugani, chimba zaidi, kwa maana udongo ule hufura unaponyeshewa na hupasuka unapokauka, ukiinua na kushusha kila kilicho juu yake. Uondoe kadiri uwezavyo, na mahali pake ujaze changarawe iliyoshindiliwa.

Jambo la tatu ni usawa, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika, kwa sababu hutegemea macho. Jicho la mtu asimamaye mlimani huona tambarare mahali palipoinama. Mwenye pimamaji ya fundi na aitumie. Asiye nayo aweza kujifanyia kipimo kwa miti mitatu. Twaa miti miwili iliyonyoka, yenye urefu sawa, kama futi 6. Ifunge pamoja nchani, uipanue miguu mpaka iwe mbali futi 5, kisha ukaze mti wa tatu kukingama katikati. Kutoka kileleni ning'iniza uzi wenye jiwe, upite mbele ya ule mti wa kukingama.

Sasa yakupasa kukijaribu kipimo hicho kabla ya kukiamini. Kisimamishe, utie alama chini mahali pa kila mguu, na alama katika mti uliokingama mahali uzi unapogusa. Kisha kigeuze, mguu wa kuume ukae mahali pa ule wa kushoto, na wa kushoto mahali pa ule wa kuume. Tia alama tena mahali pa uzi. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa wa kweli. Piga mstari hapo kwa kisu. Tangu sasa, uzi ukitulia juu ya mstari huo, miguu yote miwili iko sawa, hata kama miti yako haikulingana sana.

Lakini angalieni: sakafu iliyo sawa kabisa kama maji ya bakuli haifai nje ya nyumba, maana mvua itasimama juu yake. Yapasa iwe sawa kwa urefu wa ukuta, na iiname kidogo kutoka ukutani kwenda nje. Maji hufuata mkondo, na usipoyapa mkondo yatajitafutia, pengine chini ya ukuta wako. Mwinamo ufaao ni inchi 1 katika kila futi 5. Kwa kuwa miguu ya kipimo chetu iko mbali futi 5, tulifunga kibao cha unene wa inchi 1 chini ya mguu wa upande wa nje. Uzi ulipokaa katika mstari, tulijua kwamba mwinamo ni sahihi. Katika upana wa futi 9 tofauti yote haifiki inchi 2, wala mtu aketiye hapo hauoni mwinamo huo. Uelekeze mahali pa faida. Sisi tuliuelekeza kwenye migomba. Usiuelekeze kwa jirani.

Mwinamo huo uanzie chini shimoni, si juu katika matofali. Sawazisha chini ya shimo kwa kipimo, nyunyiza maji kidogo, kisha ushindilie kwa gogo zito lenye mpini, ukiliinua na kuliangusha, hatua kwa hatua, usiache mahali. Kazi hii yachosha. Mafundi wa pwani wa zamani, walipopiga sakafu na dari za chokaa, walikusanya watu wengi wakapiga kwa fimbo huku wakiimba, maana walijua kwamba mkono wa mmoja huchoka kabla kazi haijatosha. Nasi tuliwaita vijana wa jirani. Alama ya kwamba imetosha ni hii: kanyaga kwa kisigino kwa nguvu, na kisigino kisiache shimo.

Kisha tia changarawe, lakini usiitie yote mara moja. Tia inchi 2, nyunyiza maji, shindilia. Halafu inchi 2 nyingine, nyunyiza tena, shindilia tena. Ukiimwaga yote pamoja, ya juu itakaza na ya chini itabaki legelege, nayo italegea zaidi masika yatakapokuja. Kila tabaka lipimwe kwa kipimo. Palipo na shimo pajazwe changarawe papo hapo, wala usiseme, “Nitasawazisha kwa mchanga.” Mchanga mnene mahali pamoja na mwembamba mahali pengine hushuka kwa kadiri mbalimbali, na matofali hushuka pamoja nao.

Kabla ya kuleta mchanga, panga matofali ya ukingo katika pande tatu zisizo na ukuta wa nyumba. Sakafu isiyo na ukingo ni kama kikapu kisicho na pindo; hufumuka kuanzia pembeni. Chimba mfereji mwembamba unaoshuka inchi 1 zaidi ya shimo, usimamishe matofali wima, yakigusana, vichwa vyake vikiwa sawa na uso wa sakafu itakayokuja, kisha ushindilie udongo nyuma yake. Lakini kwanza tandika mstari mmoja wa matofali majanini, upime urefu wake, kwa sababu matofali ya tanuri za vijijini hayalingani. Afadhali kusogeza ukingo kuliko kukata matofali.

Chagua matofali kwa sikio. Gonganisha mawili: lililoiva vema hulia kwa sauti kali, na lisiloiva hutoa sauti ya chungu chenye ufa. Tia moja majini usiku kucha. Likimomonyoka pembe, usiliweke chini ya mvua.

Sasa tandaza mchanga wa mtoni, usio na udongo. Laza juu ya changarawe fito mbili zilizonyoka zenye unene wa inchi 1, mwaga mchanga kati yake, na uburute ubao ulionyoka juu ya fito hizo. Mchanga utabaki na unene mmoja pote. Ziondoe fito, ujaze mifereji yake, na tangu hapo mtu yeyote asikanyage, hata kuku. Usitandaze zaidi ya mahali utakapopanga siku hiyo.

Anza kupanga katika pembe moja kando ya nyumba, uende mbele ukipiga magoti juu ya ubao uliolazwa juu ya matofali yaliyokwisha pangwa. Weka tofali kwa kulishusha moja kwa moja, usilisukume likakusanya mchanga mbele yake. Acha nafasi ndogo kati ya tofali na tofali, kama unene wa ukucha, na uligonge kwa nyundo ya mti mpaka likae. Sisi tulipanga mfano wa mkeka, matofali mawili yakilala hivi na mawili yaliyofuata yakikingama. Ukisha, mwaga mchanga mwembamba mkavu, uufagie huku na huku mpaka ujaze kila nafasi, ugonge sakafu yote juu ya ubao, kisha ufagie tena. Mchanga huo ndio unaoyashika matofali yasisogee. Baada ya mvua za kwanza utashuka, ongeza mwingine.

Nanyi vijana wa shule, hesabu yenu ni hii. Tofali moja ni inchi 9 kwa inchi 4 na nusu, hivi kwamba mawili hufanya mraba wa inchi 9. Miraba 16 kwa urefu na 12 kwa upana ni miraba 192, yaani matofali 384. Ukingo ni futi 30, na kila tofali lililosimama huchukua inchi 4 na nusu. Basi ni matofali 80. Jumla 464. Kwa ajili ya yatakayovunjika, nunua 500. Changarawe ni futi 36 za ujazo. Ongeza sehemu moja katika tano kwa sababu hushuka ikishindiliwa, nayo itakuwa zaidi kidogo ya madebe 60 ya lita 20. Mchanga, pamoja na ule wa kufagia, ni kama madebe 17.

Kazi yetu ya pili ilichukua muda wa siku kumi na mbili. Katika hizo, tisa zilikwisha kabla tofali moja la sakafu halijalala, na wapita njia walituuliza kama tunachimba kaburi. Hakuna aliyetusifu. Lakini masika mengi yamepita juu yake, na tofali lililoshuka ni moja tu, nami nililiinua, nikaongeza mchanga, nikalirudisha kwa dakika chache.

Yule mzee alikuja siku ya mwisho. Hakutazama ule mfano wa mkeka, ambao mimi nilitamani autazame. Aliomba debe la maji, akalimwaga mbele ya mlango wa jiko, akasimama na kungoja. Maji yakaenda polepole mpaka ukingoni, yakashukia migombani, wala hayakusimama mahali. Ndipo alipogeuka akamwambia mama yangu, “Pita sasa, mama.”

Nanyi mkimaliza sakafu zenu, kabla ya kuwaita majirani, mwageni debe moja la maji mlangoni, mkatazame yanakokwenda.