FREDDIE MERCURY: MTOTO WA UNGUJA ALIYEANZIA KWENYE PIANO

Jumapili moja baada ya ibada hapa Kilangali nilikaa na kijana anayepapasa kinanda cha kwaya. Noti hasomi, anapiga kwa kusikiliza tu, lakini mkono upo! Akaniuliza: "Kaka, hivi kuna Mtanzania aliyewahi kutoka kimataifa kwa piano?" Nikamwambia yupo mmoja, sema watu wanamjua kwa masharubu na sauti tu. Freddie Mercury.

Jina lake halisi ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi wake Waparsi wenye asili ya India, waumini wa dini ya Zoroasta. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia mahakamani kwenye serikali ya wakoloni wa Kiingereza. Kwa hiyo mshahara ulikuwepo, na ada ya kumsomesha mtoto ilipatikana. Hapo ndipo hadithi inapoanzia, tusidanganyane.

Akiwa na miaka 8 hivi akapelekwa bweni huko Panchgani, India, shule ya St Peter's. Huko alijifunza piano kwa mwalimu na kufaulu mtihani wa daraja la 4. Kwa wasioelewa, mitihani hiyo inakwenda hadi daraja la 8, kwa hiyo la 4 ni katikati ya safari. Lakini mtu akifika hapo anakuwa anasoma noti, na mkono wa kushoto unajua kufanya kazi yake bila kuusubiri wa kulia. Akiwa na miaka 12 akaunda bendi na wanafunzi wenzake, wakaiita The Hectics. Yeye ndiye alikuwa kwenye piano.

Alirudi Unguja 1963. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na mwaka huohuo familia ikahamia Uingereza, eneo la Feltham, pembeni ya London. Akasomea sanaa ya uchoraji na ubunifu katika chuo cha Ealing, akamaliza 1969. Mwaka 1970 ikazaliwa Queen.

Sasa tuje kwenye muziki wenyewe. Freddie hakuwa mpiga piano wa klasiki wa kukaa ukumbini na kupiga kazi za Chopin. Alikuwa mtu wa roki. Lakini msingi aliopata utotoni haukumtoka. Chukua Bohemian Rhapsody ya 1975. Wimbo una karibu dakika 6 na hauna kiitikio! Unaanza na sauti bila ala, inakuja piano taratibu, halafu opera, halafu gitaa zito, kisha unatulia tena. Pale piano inapoingia, Freddie alikuwa anapishanisha mikono, mmoja unaruka juu ya mwenzake. Sehemu ya opera ukiisikia utadhani ni kwaya nzima, kumbe ni watu watatu tu: Freddie, Brian May na Roger Taylor, wakirekodi sauti juu ya sauti kwa siku nyingi. Ulikaa namba 1 Uingereza wiki 9.

Baadaye, kwenye ziara za miaka ya 80, walichukua mpiga kinanda wa kuwasaidia jukwaani ili Freddie apate nafasi ya kukimbia na kipaza sauti. Ndiyo maana wengi wamesahau kuwa jamaa alikuwa mtu wa piano.

Klasiki yenyewe aliifuata mwishoni. Mwaka 1988 alitoa albamu ya Barcelona pamoja na Montserrat Caballé, mwimbaji mkubwa wa opera kutoka Hispania. Wimbo uliobeba jina la albamu ulitumika kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992, lakini mwenyewe hakuiona siku hiyo. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kuwa ana UKIMWI, kesho yake akafariki. Alikuwa na miaka 45.

Nyumbani tumemgawana kwa shida. Mwaka 2006 ilipangwa sherehe Zanzibar ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe. Kikundi cha Uamsho kikapinga kwa sababu ya maisha yake ya kimapenzi, sherehe ikafutwa. Lakini 2019 makumbusho yake yalifunguliwa Shangani, na watalii wanalipa kuingia. Mwaka 2023 piano aliyotungia nyimbo tangu 1975 iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 1.7.

Kijana wangu alisikiliza yote, akauliza swali moja tu: "Na mimi mwalimu nampata wapi?"

Nilikosa jibu la haraka. Kipaji hapa kipo, tena kingi. Kinachokosekana ni kile alichopata Farrokh akiwa mdogo: mwalimu wa noti, chombo cha kufanyia mazoezi kila siku, na mzazi asiyeona muziki ni uhuni. Sisi kinanda ni kimoja, kinafungiwa kanisani hadi Jumamosi ya mazoezi. Kwa kuanzia, tumekubaliana na wazee kijana aachiwe ufunguo jioni, wakati watu wakitoka mashambani.

Wadau mliosoma noti, hasa mlioko Morogoro na Dar, mlianzaje? Tupeni uzoefu wenu, kijana anasubiri.