Nta katika Mafuta Ghafi: Kwa Nini Bomba Lipashwe Joto?

Bomba la mafuta ghafi lililosanifiwa kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani karibu na Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na katika urefu huo wote mafuta hayana budi kuwekwa juu ya nyuzi 50 za Sentigredi. Mafuta ya bonde la Ziwa Albert yana nta nyingi. Yakipoa hadi nyuzi 40 hivi hukoma kutiririka.

Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi. Ile yenye mnyororo wa atomi 20 za kaboni, ikiwa peke yake, huyeyuka kwenye nyuzi 37. Yenye atomi 30, kwenye nyuzi 66. Lakini ndani ya mafuta mepesi hiyo ya pili haigandi kwenye nyuzi 66, kwani imeyeyushwa humo kama chumvi katika maji. Itaganda lini, basi?

Thermodinamiki hujibu hivi. Kila molekuli ina mwelekeo wa kuitoroka hali iliyomo. Maadamu mwelekeo wa kuitoroka hali yabisi unazidi ule wa kukitoroka kimiminika, fuwele haidumu. Miwili hiyo ikilingana, nta huanza kujitenga. Mtaalamu huandika mlingano kwa kila haidrokaboni, akitia humo kiwango chake cha kuyeyuka, joto lake fiche na kiasi chake katika mchanganyiko. Kisha kompyuta huitatua yote pamoja, halijoto ikishushwa hatua kwa hatua. Hivyo hujulikana fuwele zitaanza wapi, na pia ni nta kiasi gani itakayoganda katika kila nyuzi.

Kiasi hicho ndicho cha kuogopwa. Asilimia 2 tu ya nta yaweza kutosha, maana fuwele zake hushikana kama wavu na kukinasa kimiminika chote kilichobaki. Pampu zikisimama siku nyingi bila kipasha joto, mafuta yaweza kuganda bombani.

Hesabu hizi si uaguzi. Molekuli zenye urefu unaokaribiana huingia katika fuwele moja, na anayezihesabu kana kwamba kila aina huganda peke yake hupata jibu jingine. Ndiyo sababu majibu hulinganishwa na vipimo vya maabara.

Darasani, tia mafuta ya alizeti kiasi sawa katika vichupa viwili. Kimoja kitie gramu 1 ya mshumaa uliokunwa, kingine gramu 3. Vipashe ndani ya maji ya moto mpaka mafuta yawe maangavu, kisha viache vipoe, ukisoma kipimajoto kila ukungu unapotokea.