Mota inakata yenyewe? Kabla ya kulaumu betri, angalia waya wa breki

Mvua zilipokuwa zinaelekea kuisha, mama mmoja alitupigia simu katika kipindi cha asubuhi. Kijana wake ana baiskeli ya umeme anayobebea karoti na kabichi katika miteremko ya huku Lushoto. Mvua zilipokolea, mota ikaanza kukata yenyewe. Anakwenda vizuri, mara inazima. Akisimama na kutikisa usukani kidogo, inawaka tena. Nyumbani wakasema betri imekufa.

Wakaita fundi. Fundi akaangalia, akachomoa waya mwembamba wa umeme unaotoka kwenye mkono wa breki, na mota haikukata tena. Kila mtu akafurahi. Siku tatu baadaye kijana alianguka mteremkoni na mzigo wake. Alipobana breki zilishika kwa kuchelewa, na mota nayo ikaendelea kusukuma. Alivunjika mkono. Tunamshukuru Mungu ni mkono tu.

“Wanangu, niambieni,” mama alituuliza. “Baiskeli ndiyo mbovu, au fundi ndiye mbovu?”

Hewani hatukuwa na jibu. Tukaahidi kulitafuta. Tulikaa na mafundi, tukafungua baiskeli mbele yao na kuuliza maswali mengi. Betri ya kijana yule ilikuwa nzima, na mota ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye waya wa breki uliokula kutu. Makala hii inaeleza kwa nini, na namna ya kuweka waya ulio bora zaidi.

Tunazungumzia breki za kuvutwa kwa waya, ziwe za vipira vinavyobana ringi au za diski. Kama breki zako ni za mafuta, hizo zina matengenezo yake tofauti.

Waya unafanyaje kazi

Mtu akisema “waya wa breki” anafikiria ule wa chuma wa ndani. Kumbe ni vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja: waya wa ndani na ganda la nje. Muundo huu ni wa zamani. Ernest Monnington Bowden aliusajili Uingereza mwaka 1896, na mpaka leo pikipiki na baiskeli nyingi duniani zinautumia.

Ukibana mkono wa breki, waya wa ndani unavutwa. Wakati huohuo ganda la nje linasukumwa, yaani linabanwa kutoka ncha zote mbili kwa nguvu ileile. Ganda likiwa laini, limepinda au limepasuka, nguvu ya vidole vyako inaishia kulikunja ganda, na gurudumu linapata mabaki.

Nguvu hiyo si ndogo. Mkono wa breki ni wenzo. Ukibana kwa nguvu ya kilo 15, waya unaweza kuvutwa kwa kilo 50 na zaidi.

Kwa nini baiskeli ya umeme inadai zaidi

Sababu ya kwanza ni mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki inaongezeka mara nne. Kwa makadirio, kwenye barabara kavu na tambarare yenye breki nzuri, mtu anayekwenda kilomita 15 kwa saa anahitaji kama mita 6 kusimama, ukihesabu na sekunde moja ya kushtuka. Kwa kilomita 25 kwa saa anahitaji kama mita 13. Kwa kilomita 35 ni kama mita 22. Ulaya, baiskeli ya umeme ya kawaida mota yake inatakiwa kuacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Lakini mteremkoni hata mota iliyozima haikuzuii kupita mwendo huo.

Sababu ya pili ni uzito. Chukua baiskeli ya kilo 28, mwendeshaji wa kilo 62 na mzigo wa kilo 60. Jumla ni kilo 150. Sasa ishushe kutoka Lushoto mjini hadi Mombo, mteremko wa takriban mita 1,000. Nguvu inayotakiwa kupotezwa njiani inatosha kuchemsha zaidi ya lita 4 za maji. Sehemu inachukuliwa na upepo na matairi. Inayobaki yote inageuka joto kwenye breki zako.

Waya uliokuwa unatosha kwa baiskeli ya kukanyaga unaweza usitoshe hapa.

Swichi iliyojificha kwenye mkono wa breki

Hapa ndipo lilipo jibu la mama yetu.

Baiskeli nyingi za umeme zina swichi ndogo ndani ya mkono wa breki. Ukibana tu, swichi inaiambia mota iache kusukuma. Ndiyo maana pembeni ya waya wa breki kuna waya mwembamba wa umeme.

Waya wa breki ukiota kutu ndani ya ganda, unakwama. Unaachia breki, lakini mkono haurudi mpaka mwisho. Unabaki umevutwa kidogo sana, pengine hata jicho halioni. Swichi inadhani bado unafunga breki, kwa hiyo inaizuia mota. Ukitikisa usukani, waya unajiachia na mota inawaka. Wewe unasema betri mbovu.

Fundi akichomoa waya wa swichi, mota inawaka kweli. Lakini ameondoa ulinzi na kuacha ugonjwa palepale. Siku ukibana breki kwa hofu huku kidole gumba kimesahaulika kwenye kitufe cha mwendo, breki inavuta nyuma na mota inasukuma mbele. Hata kama hutumii kitufe, mota inayofuata pedali inaweza kuendelea kusukuma kidogo baada ya kuacha kukanyaga.

Kwa hiyo shika neno hili: mota ikikata yenyewe, sukuma mikono yote miwili ya breki kwa nje kwa vidole. Mota ikirudi, waya wa breki ndio wa kushughulikiwa. Swichi iache mahali pake. Na ukibadilisha mkono wa breki, usifunge ule wa baiskeli ya kawaida usio na swichi.

Dalili za waya uliochoka

Mkono wa breki ni mzito kuubana au unarudi polepole. Mkono unagusa usukani kabla gurudumu halijasimama. Nyuzi za waya zimeanza kukatika karibu na nati inayoubana au karibu na kichwa chake ndani ya mkono wa breki. Ganda limepasuka, limevunjika kona au linatoa maji ya kutu.

Ukiona nyuzi hata moja imekatika, usisubiri ya pili.

Ukienda dukani

Nunua waya na ganda kwa pamoja. Waya mpya ndani ya ganda lenye kutu utachoka haraka.

Waya wa breki una unene wa milimita 1.5 au 1.6. Ule wa gia ni mwembamba zaidi, kama milimita 1.2, na haufai kwa breki. Chagua waya usioshika kutu kama upo, hasa kwa maeneo yenye ukungu na mvua kama huku kwetu.

Ganda ndilo linalowakosesha wengi, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Mwenzetu mmoja wa kituoni alinunua ganda zuri, jeusi, linalong'aa. Alipolifunga, breki ilikuwa laini ajabu. Siku ya tatu alibana breki ghafla kumkwepa mbuzi, ganda likapasuka kama muwa na mkono ukagota kwenye usukani. Kumbe lilikuwa ganda la gia. Bahati nzuri breki ya nyuma ilikuwa bado ina ganda lake la zamani.

Ganda la gia kwa kawaida lina milimita 4, na ndani yake nyuzi za chuma zimelala kwa urefu. Ganda la breki la kawaida lina milimita 5, na ndani yake chuma kimezungushwa kama springi. Mwombe muuzaji akuonyeshe ncha iliyokatwa, uangalie mwenyewe. Lililo bora zaidi lina mrija wa plastiki ndani, ambao waya unateleza juu yake.

Angalia pia kichwa cha waya. Kuna kichwa kama kipipa kidogo kilicholala, ambacho ndicho cha baiskeli nyingi zenye usukani ulionyooka. Kuna kingine chenye umbo la peasi, cha baiskeli za mashindano. Ukilazimisha kisicho chake, kinaweza kuchomoka. Njia rahisi ni kwenda dukani na waya wako wa zamani mfukoni.

Namna ya kuubadilisha

Fanya breki moja mpaka iishe, ndipo uende ya pili. Ile ambayo hujaigusa itakuwa mfano wako.

1. Zima baiskeli na utoe betri.

2. Piga picha kwa simu yako namna waya zote zilivyopita, karibu na usukani na karibu na gurudumu. Usikate kifungio chochote kabla ya kujua ni waya upi wa breki na upi wa umeme.

3. Legeza nati inayobana waya kwenye breki, kisha vuta waya utokee kwenye mkono. Mikono mingi ina mfereji. Zungusha kipete cha kurekebishia mpaka mifereji ilingane, kichwa kitatoka chenyewe.

4. Pima ganda jipya kwa kulilinganisha na la zamani. Usukani uweze kugeuka kushoto na kulia mpaka mwisho bila kulivuta. Lakini lisiwe refu kupita kiasi, kwa sababu kila kona ya ziada inakula nguvu.

5. Kata kwa mkasi wa waya wenye makali. Plaizi butu inaliminya ganda. Ncha ilainishwe kwa tupa ikae sawa, na tundu la plastiki lifunguliwe kwa msumari mwembamba.

6. Vaa vifuniko vidogo vya chuma kwenye ncha za ganda, kisha pitisha waya. Tone moja la mafuta mepesi linatosha. Oili chafu ya injini inakusanya vumbi na kugeuka tope. Na mafuta yoyote yasiguse diski, ringi wala vipira vya breki.

7. Zungusha kipete cha kurekebishia ndani karibu mpaka mwisho, ili ubaki na nafasi ya kukaza baadaye. Vuta waya ukae sawasawa, bana nati na uikaze vizuri.

8. Bana breki kwa nguvu zako zote mara 20. Ganda jipya litajikalia mahali pake na waya utaonekana umelegea. Hiyo ni kawaida. Vuta tena, kaza tena.

9. Kata mkia ubaki sentimita 3 hadi 5, na uuvike kifuniko ili nyuzi zisifumuke.

Kama vipira au pedi za breki zimeisha, badilisha na hizo. Waya mzuri unafikisha nguvu. Hauwezi kushika gurudumu kwa niaba ya pedi iliyokwisha.

Jaribu kabla ya kupakia mzigo

Bana mkono mpaka mwisho: kati yake na usukani ibaki nafasi ya kupita vidole viwili. Achia: urudi wenyewe mara moja. Geuza usukani pande zote na urudie.

Kisha rudisha betri na kumwomba mtu anyanyue gurudumu lenye mota. Izungushe taratibu, ubane mkono wa kulia. Mota iache papo hapo. Fanya hivyohivyo kwa mkono wa kushoto. Kama haiachi, usipande.

Mwisho endesha bila mzigo kwenye tambarare, ukifunga breki mara kwa mara. Baada ya wiki moja kaza tena.

Mteremkoni

Punguza mwendo kabla ya kuingia mteremko. Tumia breki zote mbili, bana na uachie, bana na uachie, badala ya kushikilia moja mpaka chini. Ukisikia harufu ya kuungua, au mkono wa breki umeanza kuwa laini, simama pembeni na usubiri breki zipoe. Usizimwagie maji.

Kwa mama aliyetupigia

Mama yetu, baiskeli si mbovu. Fundi naye alitibu alichokiona, akauacha ugonjwa. Mwanao akipona, aanze na waya na maganda mapya, na ule waya wa swichi alioutoa fundi urudishwe kabla hajabeba hata kabichi moja.

Na wewe unayetusoma, jioni ya leo baiskeli ikiwa imeegeshwa, bana breki na uachie, uangalie kama mkono unarudi mpaka mwisho. Kama haurudi, kesho usishuke nayo. Ukikwama, tupigie wakati wa kipindi; fundi atakuwa nasi studio kujibu.